Mlango wa Kutokea na Mlango wa Kurudia: Maonyo ya Kidugu katika Jumuiya Zetu



Somo letu la leo linahusu jambo linalozigusa jumuiya ndogondogo mara kwa mara. Mwanajumuiya mwenzetu anapoanguka katika kosa linalojulikana, tumfanyeje? Na akitubu, arudi kwa njia gani? Swali la pili ndilo gumu zaidi. Katika utume wetu wa likizo upande wa Kilosa na Mikumi, tumeona kwamba jumuiya nyingi zinajua vizuri namna mtu anavyowekwa pembeni: jina lake linarukwa kwenye zamu ya kusalisha, sala haifanyiki tena nyumbani kwake, na akiomba barua ya kumbatiza mtoto anaambiwa asubiri. Lakini ukiuliza, "Akitaka kurudi, anaanzia wapi?", watu wanatazamana. Mlango wa kutokea unajulikana na wote. Mlango wa kurudia hakuna anayeweza kuuonesha kwa kidole.

Tunachotaka kukisema ni hiki: lengo la maonyo ya kidugu ni kumpata ndugu. Kwa hiyo jumuiya isiyojua kumrudisha mtu bado haijajua kumwonya.

1. Kilosa na Mikumi: hatari mbili tofauti

Mikumi iko ndani ya Wilaya ya Kilosa, lakini maisha ya kichungaji ya pande hizi mbili hayafanani.

Katika vijiji vingi vya Kilosa, kwa Wasagara, Wakaguru na wengine waliokaa nao miaka mingi, watu wamefungamana kwa ukoo, kwa kuoana na kwa utani. Kosa la mtu linajulikana kisimani na shambani kabla halijamfikia katekista. Hatari ya huko ni kwamba kila mtu analizungumza kosa hilo isipokuwa na mhusika mwenyewe. Anagundua kwamba linajulikana pale salamu zinapopungua.

Mikumi ni mji wa barabarani. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati, malori yanalala pale, na wengi wamekuja kutafuta kazi katika nyumba za wageni, maduka, hifadhi na mashamba. Hatari ya huko ni nyingine: mtu anaanguka, anaona aibu, anaacha kuja, na hakuna anayemfuata. Baada ya miezi mitatu tunaambiwa amehama, au anasali kwingine. Jumuiya inasema, "Ameondoka mwenyewe." Pengine ni kweli, lakini mchungaji wa Luka 15 hakusema hivyo juu ya kondoo wake.

Penye maneno mengi na penye ukimya, matokeo ni yaleyale: hakuna aliyekwenda kuzungumza na ndugu.

2. Mpangilio wa Bwana katika Mt 18:15-17

Yesu anatoa hatua tatu kwa mpangilio. Kwanza, mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Akiwakataa hao, ndipo uliambie Kanisa. Mara nyingi sisi tunaanzia mwisho. Kosa linatangazwa kwenye mkutano wa jumuiya, au siku hizi kwenye kundi la WhatsApp, halafu watu wawili wanatumwa kumpelekea taarifa, na mwisho kabisa, kama akibahatika, mtu mmoja anakwenda kumsikiliza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhazini wa jumuiya ametunza Sh 180,000 za ujenzi wa kigango. Fedha zinapohitajika, hazipo. Jumuiya ikianza na mkutano, yeye atajitetea, ndugu zake watamtetea, na tutapata pande mbili mahali palipokuwa na kosa moja. Katibu akimwendea peke yake jioni, huenda akaambiwa kwamba fedha zilimtibu mtoto hospitalini. Kosa linabaki kuwa kosa, kwa sababu fedha hazikuwa zake. Lakini sasa inawezekana kupanga namna ya kuzirudisha kidogokidogo, na aibu ya kuanikwa hadharani haijafunga njia.

Hatua ya pili inahitaji kuchagua watu vizuri. Wale mmoja au wawili waende kama mashahidi wa ukweli na wa upendo, wala si kama askari wa kumkamata. Tuwatafute watu anaowaheshimu: msimamizi wake wa ndoa, mzazi wake wa ubatizo, au mtani wake. Wazee wetu wanajua thamani ya mtani. Msibani mtani humwambia mfiwa jambo ambalo ndugu wa damu hathubutu kulisema, na undugu hauvunjiki. Kanisa linaweza kuitumia hekima hiyo. Yupo mtu ambaye maneno yake makali hupokelewa kwa kicheko, kisha hukaa moyoni.

Hatua ya tatu, kuliambia Kanisa, haimaanishi kulitangaza kosa mbele ya wote, pamoja na watoto. Kwa desturi yetu ni kulifikisha kwa paroko, mwenye jukumu la kichungaji. Na hata yule anayekataa kabisa, Yesu anasema awe kwetu kama mpagani na mtoza ushuru. Tukumbuke kwamba Injili hiyo ina jina la Mathayo aliyekuwa mtoza ushuru, na kwamba Yesu alikula nao mezani. Mtu huyo hayumo tena katika ushirika kamili, lakini anabaki mtu wa kutafutwa.

3. Mtakatifu Thoma na jina jema la ndugu

Sisi tunaosoma falsafa tunamkuta Aristotle akiuliza: rafiki akigeuka kuwa mwovu, tumwache? Jibu lake ni kwamba akiwa bado anaweza kurekebishika, tumsaidie, na kumsaidia katika tabia ni jambo la kirafiki zaidi kuliko kumsaidia katika mali. Kwa kawaida rafiki akiibiwa ng'ombe tunamchangia. Rafiki akipoteza uaminifu wake tunamkimbia, ingawa hasara ya pili ni kubwa zaidi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino analipeleka jambo hili mbele katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 33. Anafundisha kwamba kumwonya ndugu ni tendo la mapendo, na hivyo linapaswa kufuata kanuni za mapendo. Anatoa mfano wa daktari: akiweza huponya mwili bila kukata kiungo, akishindwa hukata kiungo kisicho muhimu sana ili uhai ubaki. Vivyo hivyo, anayetaka ndugu yake ajirekebishe atalinda jina lake jema kadiri inavyowezekana. Jina jema lina manufaa kwa mwenyewe, maana hofu ya kulipoteza huwazuia wengi wasitende dhambi. Anayeona kwamba ameshaaibika hana tena cha kulinda.

Wahenga wetu walisema mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Kinaoshwa. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni 220, inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu. Kusema ukweli juu ya kosa la mwenzetu kwa watu wasiohusika ni kosa pia, hata kama kila neno ni la kweli.

4. Nani ana mamlaka gani?

Maumivu mengi yanatokana na kuchanganya mamlaka. Tuyatenganishe.

*Jumuiya* ina wajibu wa kuonya, kusindikiza, kusali na kupatanisha. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, walitaka Kanisa liishi karibu na watu. Hawakuanzisha mahakama za mitaa. Mwenyekiti wa jumuiya hana uwezo wa kumtenga mtu na Kanisa. Kutengwa na Kanisa ni adhabu ya kisheria yenye masharti yake, na kanuni 1341 inataka adhabu itumike pale tu maonyo ya kidugu na njia nyingine za kichungaji zinapoonekana hazitoshi kurudisha haki, kumrekebisha mkosaji na kuponya kwazo.

*Padre* anaondolea dhambi katika kitubio, na siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote (kanuni 983). Kwa hiyo jumuiya isimdai padre athibitishe kama fulani ameungama, na mtu asilazimishwe kusimulia mbele ya watu aliyoyaungama.

*Kuhusu Komunyo*, kanuni 915 inasema wasipokee wanaodumu kwa ukaidi katika dhambi nzito iliyo wazi. Kila neno hapo lina uzito: dhambi iwe nzito, iwe wazi, mtu awe anaendelea nayo, tena kwa ukaidi baada ya kuonywa. Kuamua hilo ni kazi ya wachungaji. Mwanajumuiya anayemvuta mwenzake shati kwenye mstari wa Komunyo amejipa kazi isiyo yake.

Hapa wengi wanauliza juu ya ndugu wanaoishi katika uchumba sugu. Ni kweli hali hiyo haipatani na Komunyo. Lakini tuangalie kinachowazuia. Mara nyingi ni mahari ambayo haijaisha, au hofu ya gharama za sherehe. Jumuiya inayowasema kila wiki ingeweza kuzungumza na wazee kuhusu mahari na kuwaandaa kwa ndoa za pamoja parokiani, ambazo hazidai ukumbi wala suti mpya. Palipo na ndoa ya awali, jambo ni gumu zaidi, na lipelekwe kwa paroko. Baba Mtakatifu Fransisko katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016 aliwataka wachungaji wawasindikize watu hao, wapambanue hali ya kila mmoja na kuwashirikisha katika maisha ya Kanisa, akisisitiza kwamba hakuna anayehukumiwa milele, maana hiyo si mantiki ya Injili.

5. Makosa yasiyomalizwa jumuiyani

Mathayo 18 haitumiki kuficha uhalifu. Mtoto akidhulumiwa kimwili au kingono, au mke akipigwa na kuumizwa, jumuiya isikae kikao cha kuwapatanisha wahusika ili jambo liishe kimyakimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mshukiwa akiwa mtumishi wa Kanisa, hati Vos Estis Lux Mundi ya mwaka 2019 inawapa mapadre na watawa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa, bila kuondoa wajibu wa kuzifuata sheria za nchi. Aliyedhulumiwa asilazimishwe kusamehe ili jumuiya ipate amani. Usalama wake unakuja kwanza. Mkosaji anaweza kutubu na kusamehewa na Mungu, akatumikia kifungo chake, na bado asikabidhiwe watoto tena.

6. Kanisa lilivyojenga mlango wa kurudia

Mwaka 250 kaisari Desio aliwaamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Huko Kartago, Afrika ya Kaskazini, Wakristo wengi waliogopa. Wengine walitoa sadaka, wengine walinunua hati ya kudanganya kwamba wametoa. Dhuluma ilipotulia, walitaka kurudi. Wapo waliosema warudi mara moja. Novasiani huko Roma alisema wasirudi kabisa. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Kartago, alikataa njia zote mbili. Mtaguso wa maaskofu mwaka 251 uliagiza kesi zipimwe moja moja: walionunua hati warudishwe baada ya kuchunguzwa, waliotoa sadaka wafanye toba ndefu, lakini wakiwa katika hatari ya kufa wapokelewe. Dhuluma mpya ilipokaribia, Sipriani na wenzake walilegeza, ili waliotubu wapate Ekaristi ya kuwatia nguvu. Toba ilikuwa na mwanzo, muda na mwisho unaojulikana.

Mtakatifu Benedikto anatupa jambo jingine la kuiga. Katika sura ya 27 ya Kanuni yake, mtawa akiwa ametengwa, abati anatuma ndugu wazee wenye hekima wamwendee kana kwamba ni kwa siri, wamfariji asimezwe na huzuni na wamshauri ajishushe. Mkono uleule uliomtenga unamtuma mtu wa kumfuata. Benedikto analichukua neno hilo la huzuni kutoka kwa Mtume Paulo, anayewasihi Wakorintho wamsamehe na kumtia moyo mtu waliyekuwa wamemwadhibu (2 Kor 2:5-11).

Kwa upande wetu wa Afrika, upo mfano mzito wa Parokia ya Mushaka, Jimbo la Cyangugu, nchini Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, paroko wake, Padre Ubald Rugirangoga, ambaye mama yake na ndugu zake wengi waliuawa, alikabili swali la waumini walioua na sasa wanataka kurudi kwenye Sakramenti. Waliwekewa njia: mafundisho ya miezi kadhaa, kukiri ukweli, kwenda kwa familia walizozikosea kuomba msamaha, na mwishoni kupokelewa hadharani kanisani. Manusura nao walisindikizwa, maana msamaha haudaiwi kama deni. Makosa ya jumuiya zetu ni madogo mno ukiyalinganisha na hayo. Ikiwa damu ilipata mlango wa kurudia, Sh 180,000 za mhazini zitaukosaje?

7. Swali la mazishi

Mahali ambapo jambo hili huwaumiza watu zaidi ni kaburini. Mara nyingine mtu anafariki, na jumuiya inasema, "Hakuwa anasali nasi, hakutoa zaka, hatumziki." Malalamiko ya jumuiya yana msingi. Wao walichanga, walichimba, walikesha, na huyu hakuonekana kwa mtu yeyote. Taratibu za parokia zinazohimiza watu wahudhurie jumuiya zina sababu njema.

Lakini sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni 1176 inataka waumini waliofariki wapewe mazishi ya Kikanisa. Kanuni 1184 inataja wanaonyimwa: waasi-imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana, waliochagua kuchomwa miili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kwazo kwa waumini. Hata hao, wakionesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Penye shaka, aulizwe Askofu wa mahali. Kutohudhuria jumuiya na kudaiwa michango havimo katika orodha hiyo.

Tena mazishi ni mahali pabaya pa kutolea maonyo. Aliyekosa hasikii tena. Wanaosikia ni mjane na watoto. Kama kweli tulijali alipokuwa hai, swali la kujiuliza ni nani alikwenda kwake alipoacha kuja, na alikwenda mara ngapi.

8. Hatua za kufuata

Tunapendekeza kila jumuiya, kwa ridhaa ya paroko, ikubaliane juu ya mambo haya:

1. Kosa la mtu lisizungumzwe kwenye mkutano wala kwenye kundi la simu kabla hatua mbili za kwanza za Mathayo 18 hazijafanyika.
2. Mwanajumuiya akikosekana mara tatu bila taarifa, watu wawili waende kumsalimu, bila daftari la michango mkononi.
3. Aliyewekwa pembeni aambiwe wazi sababu, na aambiwe pia ni nini kitamrudisha: kitubio, kurudisha alichochukua, kuomba radhi kwa aliyemkosea. Katekisimu, namba 1459, inakumbusha kwamba kuondolewa dhambi hakufuti wajibu wa kurekebisha madhara.
4. Achaguliwe mtu mmoja wa kumsindikiza mpaka arudi, kama wale wazee wa Mtakatifu Benedikto.
5. Akirudi, apokelewe kwa tendo linaloonekana. Jumuiya ikasali nyumbani kwake, apewe somo la kusoma. Nafasi ya uongozi, hasa ya fedha, inaweza kusubiri. Nafasi ya udugu isisubiri.
6. Baada ya hapo kosa lisitajwe tena. Anayelikumbusha katika ugomvi aonywe yeye, kwa hatua zilezile tatu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium namba 11, unafundisha kwamba anayepokea kitubio anapata msamaha wa Mungu na papo hapo anapatanishwa na Kanisa alilolijeruhi. Padre anatamka maondoleo. Lakini mtu akitoka kwenye kiti cha kitubio na kukuta jumuiya imempa mgongo, atajuaje kwamba amepatanishwa na Kanisa? Kwa watu wa Kilosa na Mikumi, Kanisa lina sura ya majirani kumi na tano waliokaa kwenye mikeka chini ya mwembe.

Maswali ya kujadili jumuiyani

1. Je, yupo mtu aliyekuwa nasi mwaka jana na sasa hayupo? Nani atakwenda kwake wiki hii?
2. Mtu akituuliza leo namna ya kurudi, tutamjibu nini?
3. Katika eneo letu, ni nani wanaoweza kumwambia mtu ukweli bila kuvunja undugu?

Mungu atubariki sote.